Uzito Kabla ya Mwendo: Kuhama Pikipiki Ndogo kwenda Kubwa katika Mji wa Bandari wa Mocímboa da Praia

Utangulizi

Mwezi wa Julai mwaka 2024, nikiwa nyumbani kwa likizo, niliiangusha pikipiki ya mjomba wangu karibu na lango la bandari ya Mocímboa da Praia, na babu yangu mzaa mama akiwa amekaa nyuma yangu. Hatukuwa tunakimbia. Tulikuwa tumekwenda kutazama bahari, na nilikuwa nakata kona kurudi mjini kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Usukani ulikuwa umepinda, nikashika breki ya mbele juu ya mchanga uliotapakaa barabarani, na pikipiki ikalala upande wa kushoto kama ng'ombe aliyechoka. Babu aliteguka kifundo cha mguu. Mimi sikuumia popote ila usoni, kwa aibu, maana vijana wa pale walikuwa wanatazama.

Nilikuwa nimejifunza kuendesha kwa pikipiki ndogo ya cc 125, na nilidhani kwamba anayejua ndogo anajua na kubwa. Ile ya mjomba ilikuwa Yamaha Virago ya cc 250, kiti chake kimeshuka, usukani wake mpana, na miguu ya mwendeshaji imetangulia mbele kidogo. Pikipiki za aina hii huitwa kruza. Kwetu neno hilo huleta mkanganyiko, kwa sababu mtu akisema "kruza" watu hugeuka kutafuta Toyota za mashirika ya misaada.

Baada ya tukio hilo babu alinieleza habari ambazo sikuwahi kuzisikia, na ndizo zilizonifanya niandike insha hii. Nataka kuonyesha kwamba kuhama kutoka chombo kidogo kwenda kikubwa ni jambo la zamani katika pwani yetu, na kwamba tangu zamani limehitaji mambo matatu: mwalimu, fedha ya halali iliyomfikia mwenyewe, na barabara yenye amani. Likikosekana moja kati ya hayo, mtu hubaki na chombo chake kidogo au huanguka na kile kikubwa. Nimetumia mazungumzo na babu na mjomba wangu pamoja na yale niliyosoma darasani na maktabani.

Chombo kabla ya injini

Mocímboa da Praia ni mji wa Wamwani na Wamakonde, na Kiswahili kimesikika humo tangu zamani kwa sababu ya biashara ya majahazi. Vyombo vilikwenda na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi, vikiiunganisha pwani yetu na Ibo, Kilwa, Unguja na Komoro. Kijana wa pwani alianza na mtumbwi, akaenda kwenye ngalawa, kisha mashua, na mwisho jahazi. Hakukabidhiwa jahazi kwa sababu tu alijua kupiga kasia. Alipopanda jahazi kwa mara ya kwanza alirudi kuwa mwanafunzi: alichota maji yaliyoingia, alipanga shehena, alivuta kamba. Nahodha alimfundisha kwanza namna chombo kinavyokaa majini kikiwa kimepakiwa, na baadaye sana ndipo akamwachia usukani.

Kwa sisi tunaosoma lugha, historia hii imehifadhiwa katika maneno yenyewe. Neno "usukani" lilikuwa la jahazi kabla halijawa la gari na pikipiki. "Abiria" alikuwa wa chomboni. Hata leo mtu akitaka kubebwa kwenye pikipiki husema "nipakie", neno lile lile la kuweka shehena jahazini. Pikipiki ilipofika pwani ilikuta msamiati umeshaandaliwa. Lakini ule utaratibu wa kufundishwa uzito kabla ya mwendo haukuhama pamoja na maneno.

Nchi kavu hali ilikuwa tofauti. Huko mzigo ulikaa kichwani na begani. Companhia do Niassa, kampuni iliyopewa na Ureno mamlaka ya kutawala eneo la kaskazini, ilifanya hivyo hadi mwaka 1929, na utawala wake ulitegemea kodi ya kibanda na kazi ya kulazimishwa. Vita Kuu ya Kwanza ilizidisha mateso. Baada ya Ujerumani kutangaza vita dhidi ya Ureno mwezi Machi 1916, majeshi ya Kireno yaliteremka katika bandari za kaskazini, zikiwamo Palma na Mocímboa da Praia, ili kupigana upande wa Ruvuma. Tarehe 25 Novemba 1917 Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alivuka mto huo na kuwashinda Wareno kule Negomano. Vitabu hutaja majenerali. Waliobeba risasi, chakula na wagonjwa walikuwa wapagazi, na wengi wao walikufa njiani kwa njaa na maradhi.

Hata katika vita vya ukombozi vilivyoanza tarehe 25 Septemba 1964, silaha na dawa kutoka Tanzania zilivushwa Ruvuma na kupandishwa hadi nyanda za juu za Mueda juu ya vichwa vya watu, wengi wao wanawake. Kwa hiyo kizazi cha babu yangu kilikua kikijua kwamba barabara ni mali ya mwenye nguvu, na kwamba raia hupita humo akiwa amebeba mzigo wa mwingine. Ukilielewa hilo utaelewa kwa nini chombo chenye injini, hata kidogo namna gani, kilionekana kuwa uhuru.

Simson na MZ

Mwaka 1979 Msumbiji na Ujerumani Mashariki zilitia saini mkataba wa kupeleka vijana wa Msumbiji kufanya kazi viwandani Ujerumani. Hadi mwaka 1990 walikuwa wamekwenda karibu 20,000. Waliporudi waliitwa "madgermanes", na jina hilo limebaki hadi leo. Babu alikuwa mmoja wao. Aliondoka mwaka 1982, mama yangu akiwa bado ananyonya, akapelekwa katika kiwanda cha nguo karibu na mji uliokuwa ukiitwa Karl-Marx-Stadt, ambao sasa ni Chemnitz.

Si mbali na mji huo kuna Zschopau, mahali pikipiki za MZ zilipokuwa zikitengenezwa. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, kiwanda cha hapo kilikuwa cha DKW, kampuni iliyowahi kuwa mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa pikipiki duniani. Katika miaka ya 1980 mtu wa Ujerumani Mashariki aliyependa pikipiki alikuwa na ngazi mbili mbele yake. Ngazi ya chini ilikuwa Simson S51 kutoka mji wa Suhl: cc 50, nguvu za farasi 3.7, mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Ngazi ya juu ilikuwa MZ ETZ 250: nguvu za farasi 21 na mwendo wa kilomita 130 kwa saa. Zote zilitumia injini ya mipigo miwili, ambayo petroli yake huchanganywa na oili.

Babu alinunua Simson kwa akiba ya miaka miwili. Alipotaka kwenda ngazi ya pili, alijiandikisha kujifunza MZ. Anasema mwalimu wake, mzee wa Kijerumani aliyekuwa na mguu mbovu, hakumruhusu kuiwasha siku ya kwanza. Alimfanya aisukume kuzunguka uwanja, kulia na kushoto, mbele na nyuma, ailaze chini na kuinyanyua, mpaka akajua uzito wake unaegemea wapi. Babu alikasirika, kwa kuwa alikuwa ameshaendesha Simson miaka mingi. Siku ya pili akasukuma tena. Siku ya tatu ndipo akapewa ufunguo.

MZ yenyewe hakuinunua. Hapa historia ya babu inaungana na historia ya wenzake wote. Kwa mujibu wa mkataba, sehemu ya mshahara wa wafanyakazi, katika miaka ya mwisho hadi asilimia 60, ilikatwa kwa ahadi kwamba wangelipwa wakifika nyumbani. Watafiti wameonyesha kwamba makato hayo yaliingizwa katika hesabu za deni la Msumbiji kwa Ujerumani Mashariki. Ukuta wa Berlin ulipoanguka Novemba 1989, viwanda vilianza kufungwa na wafanyakazi wakarudishwa kwa haraka. Wengi walitumia fedha waliyokuwa nayo mkononi kununua vitu vya kusafirisha katika makasha ya mbao: majokofu, cherehani, redio na pikipiki. Madai yao ya mishahara hayajaisha. Miaka mingi wamekuwa wakiandamana Maputo kila wiki, wengine wakiwa na bendera ya nchi ambayo haipo tena.

Babu alikuwa amepanga kwamba Simson itangulie nyumbani, na fedha atakayoikuta kwetu ataifanya mtaji wa chombo kikubwa, ama pikipiki kubwa ama mashua yenye mashine. Fedha hiyo haikumfikia kama alivyoitarajia. Kasha lake lilishushwa Nacala mwaka 1990, na kwa kuwa vita vya ndani vilikuwa bado vinaendelea na barabara zilikuwa hatari, hakuthubutu kuipanda Simson kwenda nayo nyumbani. Aliipakia katika jahazi. Ilifika ufukweni kwetu ikiwa imefungwa kamba kati ya magunia, kama abiria mwingine yeyote. Mkataba wa amani ulitiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, na mwaka uliofuata ndipo alipoanza kuiendesha hadi nje ya mji.

Nilimwuliza babu kwa nini hakuwahi kuniambia kuhusu MZ. Alinijibu, "Mwanangu, mtu hasimulii kitu asichokipata."

Pikipiki za biashara

Ngazi iliyofuata haikuletwa na Wajerumani. Mwaka 1976 Honda ilitoa CG125, pikipiki iliyoundwa kwa ajili ya nchi ambazo watu hupakia mizigo mizito, hupita barabara mbovu na huchelewa kufanya matengenezo. Valvu zake husukumwa na fito za chuma badala ya mnyororo wa ndani, na mnyororo wa gurudumu ulifunikwa kuzuia vumbi. Viwanda vya China viliinakili injini hiyo kwa wingi. Pamoja na pikipiki za Kihindi kama Bajaj Boxer na TVS, ndizo zilizoijaza Afrika Mashariki.

Biashara ya kubeba watu ilikuwa imeshaanza katika mpaka wa Kenya na Uganda, huko Busia, ambako tangu miaka ya 1960 waendesha baiskeli waliwavusha wasafiri kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, na ndiko lilikotoka jina bodaboda. Mwaka 2008 Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo. Tanzania ilitunga kanuni za pikipiki na bajaji za abiria mwaka 2010. Kwetu Msumbiji watu walisema "mota", na dereva wake akaitwa wa táxi-mota. Mji wa Quelimane ulibaki maarufu kwa baiskeli za abiria, lakini kaskazini mota ndiyo iliyoshinda.

Mwaka huo huo wa 2010 mambo mawili yalitokea yaliyotufanya tuamini kwamba barabara zetu zinafunguka. Mwezi wa Mei Daraja la Umoja lilifunguliwa juu ya mto Ruvuma, kati ya Mtambaswala na Negomano, pale pale Lettow-Vorbeck alipovukia. Na katika bahari ya mbele ya Palma gesi nyingi iligunduliwa. Vijana wa Mocímboa da Praia walianza kununua mota kwa mikopo ya ndugu, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja na wageni hawatembei kwa miguu. Mjomba wangu, aliyezaliwa baada ya babu kurudi, alinunua yake ya cc 125 mwaka 2014. Simson ilikuwa imeshazimika kwa kukosa spea, imeegemezwa ukutani nyuma ya nyumba, na kuku wakitagia chini yake.

Mimi nilijifunza kwenye mota ya mjomba, katika uwanja wa mchanga mtaa wa Nanduadua, nikiwa na miaka kumi na mitano. Mafunzo yalichukua alasiri moja. Mjomba alinionyesha klachi, gia na breki, akapiga mkono tangini, akasema, "Haya, nenda." Wenzangu wengi walifundishwa hivyo hivyo. Pikipiki ndogo inasamehe. Ina uzito wa kilo 110 hivi, na kijana akikosea huweka mguu chini na kuizuia isianguke. Tatizo ni kwamba msamaha huo humfanya mtu aamini kwamba amejifunza.

Barabara inapofungwa

Alfajiri ya tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walivamia vituo vya polisi katika mji wetu. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa vita vya Cabo Delgado. Tarehe 23 Machi 2020 waliingia tena, wakaushika mji kwa siku moja. Tarehe 12 Agosti mwaka huo waliiteka bandari, na mji ukabaki mikononi mwao kwa karibu mwaka mzima, hadi tarehe 8 Agosti 2021 majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoukomboa. Karibu watu milioni moja wa jimbo letu walihama makazi yao.

Sisi tuliondoka baada ya shambulio la Machi 2020. Kuna wakati huwa nasikia wanafunzi wenzangu wakizungumza juu ya bodaboda kama kero ya mjini tu: kelele, ajali, kupita kwenye taa nyekundu. Nawaelewa. Lakini mimi niliiona mota ya cc 125 ikimtoa bibi yangu na wajukuu wawili kwa safari moja, kisha ikarudi kumchukua mama na mtoto mchanga, kisha ikarudi tena kwa ajili ya jirani aliyekuwa hawezi kutembea. Mjomba alikuwa akitushusha upande wa Awasse, anageuza, anarudi. Mara ya tatu tulikaa tukimsubiri kwa muda ambao sitaki kuueleza hapa. Alifika. Tulitembea na kupanda kwa zamu mpaka Mueda, na mwisho tukafika Pemba.

Pemba ile mota iliuzwa kwa bei ya chini, ikawa unga na kodi ya chumba. Watu waliokimbia walikuwa wanauza vitu vyao wakati mmoja, na vitu vinavyouzwa pamoja havina bei. Kwa maneno ya insha hii, mjomba alishuka ngazi: kutoka pikipiki ndogo hadi miguu. Tulipoanza kurudi nyumbani mwishoni mwa mwaka 2022, nyumba yetu ilikuwa haina paa. Fremu ya Simson tuliikuta imelala kwenye majani, bila tangi, bila magurudumu. Babu aliisimamisha tena ukutani.

Kruza

Mjomba alikaa Pemba akifanya kazi ya ufundi hadi akapata fedha kidogo. Mwanzoni mwa mwaka 2024 aliikuta Virago inauzwa na mtu aliyekuwa anahama. Ilikuwa bei nafuu kwa sababu hakuna aliyeitaka: spea zake ni adimu, na haifai kubebea magunia. Ukoo ulimshangaa. Mama alimwambia kwamba kwa fedha ile angeongeza kidogo tu akapata mota mpya ya biashara. Majirani waliuliza maswali mabaya zaidi. Katika mji uliotoka vitani, kijana mwenye chombo kikubwa huulizwa fedha ameipata wapi, na katika vizuizi vya barabarani makaratasi yake husomwa mara mbili. Pikipiki ndogo inapita kama pikipiki. Kubwa inapita kama habari.

Umbo la kruza lina historia yake. Lilitokana na pikipiki za Marekani, kama zile za Harley-Davidson, kampuni iliyoanzishwa Milwaukee mwaka 1903. Ziliendana na barabara ndefu zilizonyooka, ambako mwendeshaji hukaa saa nyingi bila kukata kona nyingi. Viwanda vya Japani vililichukua umbo hilo, na Yamaha ilianza kutoa pikipiki zenye jina la Virago mwaka 1981. Ile ya cc 250 ina silinda mbili zilizopangwa kama herufi V, na urefu kati ya magurudumu yake ni karibu mita moja na nusu.

Kwa aliyezoea pikipiki ndogo, chombo hicho kinadanganya. Kiti ni cha chini, miguu yote miwili inagusa ardhi, na mtu hujiona salama. Uzito wake unazidi wa mota ya kawaida kwa kilo thelathini hivi, na ikiwa imesimama wima huusikii. Unausikia pale inapoinama. Ndogo ukiinamisha kona unaivuta kwa mguu. Kubwa ikishapita kiasi fulani haivutiki, inakwenda nayo. Kwa kuwa ni ndefu, haigeuki pale ndogo inapogeuka. Na abiria akiwa nyuma, kila kosa huongezeka kwa uzito wake. Ndiyo maana niliianguka nikiwa polepole. Katika mwendo magurudumu yanayozunguka huisaidia pikipiki kusimama; mwendo ukipungua, kazi yote inarudi kwa mwendeshaji. Breki ya mbele juu ya mchanga, usukani ukiwa umepinda, ilimaliza mambo.

Nilitegemea babu atanifokea. Alikaa chini akishika mguu, akanitazama ninavyohangaika kuinyanyua pikipiki kwa kuvuta usukani, akasema, "Si hivyo. Ipe mgongo. Nyanyua kwa miguu." Nikageuka, nikaegemeza makalio kwenye kiti, nikashika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mkono mwingine, nikasukuma kwa miguu kurudi nyumanyuma. Ikasimama. Hapo ndipo nilipomwuliza amejulia wapi.

Jioni ile alinisimulia habari za Zschopau, mwalimu mwenye mguu mbovu na MZ ambayo hakuipata. Wiki nzima iliyofuata sikuruhusiwa kuiwasha Virago. Kila asubuhi niliisukuma kuzunguka ua, kulia na kushoto, babu akiwa amekaa kwenye mkeka, mguu wake umefungwa kitambaa. Mjomba alikuwa anacheka mwanzoni. Siku ya tatu akaja kusukuma na yeye.

Tujifunze nini?

Mhadhiri wangu mmoja aliposikia mada hii aliniuliza kama pikipiki ni historia au ni kumbukumbu za familia tu. Ni swali zuri. Jibu langu ni kwamba familia yetu haikuchagua ngazi zake yenyewe. Babu alibaki na cc 50 kwa sababu ya makubaliano ya serikali mbili na kuanguka kwa mojawapo. Mjomba alipata cc 125 kwa sababu injini ya Honda ilinakiliwa China na kwa sababu gesi ilileta matumaini. Aliipoteza kwa sababu ya vita. Hata kuanguka kwangu kuna historia: jahazi lilikuwa na shule yake, madgermanes walikuta shule ya Ujerumani, lakini mota zilikuja kwa wingi na haraka bila shule, na kizazi changu kimefundishwa kwa alasiri moja.

Wapo watakaosema kwamba kijana wa mji maskini hana haja ya pikipiki kubwa, atosheke na ndogo. Hesabu ya mama yangu inaunga mkono hoja hiyo na sina namna ya kuipinga kwa namba. Lakini naona hatari katika kuwaambia watu wetu kila mara watosheke. Babu aliambiwa asubiri fedha yake, na amesubiri tangu nilipokuwa sijazaliwa. Mjomba alinunua Virago kwa jasho lake, na aliponipa sababu hakutaja starehe. Alisema, "Nilitaka mzee apande kitu kikubwa kimoja kabla hajafa."

Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba kuhama kutoka chombo kidogo kwenda kikubwa huhitaji mwalimu, fedha iliyomfikia mwenyewe, na barabara yenye amani. Babu alipata mwalimu, akakosa fedha na barabara. Mjomba alipata fedha, akakosa mwalimu, na barabara alipewa ikanyang'anywa. Mimi nimepata mwalimu na pikipiki ya kuazima. Barabara bado si ya kuitegemea, na kwa hiyo tumekubaliana kwamba Virago haivuki Awasse.

Napendekeza mambo mawili kwa wenzangu. La kwanza, tuwahoji madgermanes walio karibu nasi mapema, kwani wengi wamezeeka, na katika makasha yao kuna historia ya kazi na biashara ambayo haijaandikwa kwa Kiswahili. La pili, anayehamia pikipiki kubwa asione haya kurudi kuwa mwanafunzi: aisukume kwanza, aijue inapolala, ajizoeze kona za polepole na breki mahali pasipo na watu, na asimpakie mtu mpaka hapo. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Kwa pikipiki kubwa ningeongeza kwamba mwenda pole naye hujikwaa, asipojua uzito wa alichokipanda.

Siku moja kabla sijaondoka kurudi chuoni, babu aliniambia nimpakie tena mpaka bandarini. Kwenye kona ile ile nilitoa mkono kwenye breki ya mbele, nikakanyaga ya nyuma taratibu, nikatazama ninakokwenda badala ya kutazama mchanga. Tulipita. Babu hakusema kitu hadi tulipofika Milamba, ndipo akanigonga bega akitaka niongeze mwendo kidogo.